Kukarabati au Kubadilisha Vali ya Moyo Inayovuja: Ulinganisho wa Njia Mbili za Upasuaji

0. Utangulizi

Katika Kiswahili chetu cha kila siku, kitenzi kutengeneza hubeba maana mbili. Seremala hutengeneza kiti kipya kwa mbao. Seremala huyo huyo hutengeneza kiti kilichovunjika mguu. Karakanani utata huu haumdhuru mtu, kwani kiti chenyewe kiko mbele ya macho. Hospitalini mambo ni mengine. Mgonjwa aambiwaye kwamba vali ya moyo wake "itatengenezwa" hawezi kujua kama vali hiyo itaachwa mahali pake na kurekebishwa, au kama itakatwa na kuondolewa ili nyingine iliyotoka kiwandani iwekwe. Tofauti baina ya mambo hayo mawili ndiyo itakayoamua dawa atakazomeza hadi mwisho wa maisha yake, vipimo vitakavyomrudisha maabarani na, kwa mwanamke, usalama wa mimba atakayobeba.

Makala haya yanakusudia kulinganisha njia hizo mbili. Ili kuepa utata tuliokwisha kuutaja, tutasema kukarabati pale vali ya mgonjwa inapobaki na kurekebishwa, na kubadilisha pale inapoondolewa na nyingine kushika nafasi yake. Tumeona inafaa kulieleza jambo hili kwa Kiswahili kwa sababu hapa kwetu Kongo maelezo ya namna hii mara nyingi hutolewa kwa Kifaransa, ilhali watakaoishi na matokeo ya uamuzi ni mgonjwa na jamaa zake. Hoja yetu ni kwamba hakuna njia iliyo bora siku zote. Ubora wa kila njia hutegemea mambo mawili: sababu iliyofanya vali ivuje, na maisha yanayomngoja mgonjwa atakaporudi nyumbani.

1. Vali na kuvuja kwake

Moyo wa binadamu una vyumba vinne, viwili vya juu na viwili vya chini, na vali nne. Vali ni mlango unaofunguka upande mmoja tu: huruhusu damu ipite kwenda mbele, kisha hujifunga ili isirudi nyuma. Kwa kuwa moyo hupiga takriban mara 100,000 kwa siku, kila vali hufunguka na kujifunga mara hizo zote bila kupumzika.

Vali itakayotushughulisha zaidi ni ya mitrali, iliyoko upande wa kushoto, kati ya chumba cha juu na chumba cha chini. Ina vipande viwili vyembamba mithili ya majani. Kingo za majani hayo zimefungwa kwa nyuzi imara, nazo nyuzi zimeshikwa na misuli midogo iliyoota katika ukuta wa chumba cha chini. Majani yenyewe yameshikizwa kwenye duara la nyama ngumu, kama mlango ulivyoshikizwa kwenye fremu yake. Kwa hiyo vali si majani peke yake. Ni majani, nyuzi, misuli, duara na ukuta wa moyo, vyote vikifanya kazi pamoja. Kimoja kikiharibika, mlango haujifungi sawasawa.

Vali inapovuja, sehemu ya damu iliyopaswa kwenda mwilini hurudi katika chumba cha juu na kusukuma kuelekea mapafuni. Moyo hulazimika kuifanya kazi ile ile mara mbili. Kwa miaka mingi huweza kuvumilia kwa kutanuka, na mgonjwa asihisi lolote. Baadaye huanza kukosa pumzi apandapo kilima, halafu akiwa amelala, na mwishowe miguu huvimba. Hatari ya ugonjwa huu imo katika uvumilivu huo: dalili zinapotokea, mara nyingi misuli ya moyo imekwisha kudhoofika, na upasuaji hauwezi kuirudishia nguvu zake zote. Ndiyo maana madaktari hutumia ekografia ya moyo kupima ukubwa wa vyumba na wingi wa damu inayorudi, bila kungoja mgonjwa azidiwe.

Sababu za kuvuja ni nyingi, lakini tatu zatosha kwa ulinganisho wetu. Ya kwanza ni uchakavu: majani hulegea na nyuzi hurefuka au kukatika. Hii ndiyo sababu kubwa katika nchi tajiri, na huwapata hasa watu wazima. Ya pili ni kuharibika kwa misuli ya moyo iliyokosa damu: vali yenyewe ni nzima, ila ukuta unaoishikilia umesogea. Ya tatu, iliyo muhimu kuliko zote kwetu, ni homa ya baridi yabisi. Mtoto huambukizwa kooni na vijidudu vya streptokoka. Kinga ya mwili, katika kupigana navyo, huishambulia pia mioyo yetu wenyewe. Majani ya vali hunenepa, hukakamaa na kusinyaa, na nyuzi hushikamana. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1998 kuhusu watoto wa shule za Kinshasa ulikuta ugonjwa huu kwa takriban watoto 14 katika kila 1000.

2. Historia ya njia mbili

2.1. Kubadilisha

Upasuaji ndani ya moyo uliofunguliwa ulihitaji kwanza chombo cha kushika kazi ya moyo na mapafu kwa muda. John Gibbon wa Philadelphia alifaulu kukitumia kwa binadamu mwezi Mei 1953. Miaka saba baadaye, mwaka 1960, daktari Albert Starr na mhandisi Lowell Edwards, huko Portland katika jimbo la Oregon, waliweka vali yao ya bandia mahali pa vali ya mitrali. Ilikuwa tufe dogo lililofungiwa katika kizimba cha chuma: damu ikisukuma, tufe huondoka mlangoni, damu ikitaka kurudi, tufe huziba mlango. Haikufanana hata kidogo na vali ya Muumba, lakini ilifanya kazi. Vali za kimakanika za leo, ambazo nyingi zina visahani viwili vya kaboni vinavyofunguka kama milango pacha, ni wajukuu wa tufe lile.

Tatizo lake lilijulikana mapema. Damu ikigusa kitu kigeni hupenda kuganda. Donge likijijenga juu ya vali, huweza kuikwamisha au kung'oka na kwenda kuziba mshipa wa ubongo, mgonjwa akapata kiharusi. Ndipo ikalazimu kila mwenye vali ya kimakanika ameze, maisha yake yote, dawa ya kuzuia damu isigande, yaani warfarini au dawa ya jamii yake.

Mjini Paris, mwaka 1965, Jean-Paul Binet, Alain Carpentier na wenzao walijaribu kulikwepa tatizo hilo kwa kutumia vali za wanyama. Mwanzoni vali hizo ziliharibika upesi mwilini. Carpentier akagundua kwamba vali ya nguruwe ikitiwa katika dawa iitwayo glutaraldehaidi hukazwa na kupoteza sehemu kubwa ya ugeni wake. Hapo ilizaliwa vali ya kibiolojia, ambayo kwa kawaida haimdai mgonjwa warfarini ya kudumu. Nayo ina deni lake: huzeeka. Kwa mtu wa miaka 70 huenda ikadumu hadi mwisho wa maisha yake. Kwa kijana hujaa chokaa na kuchakaa haraka zaidi, na hapana budi ya upasuaji wa pili.

2.2. Kukarabati

Ni Carpentier huyo huyo aliyeifanya kazi ya ukarabati iwe na kanuni zinazofundishika. Kabla yake wako waliofaulu kushona vali hii au ile kwa kipaji chao, lakini mbinu zao hazikuwa na mfumo mmoja. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 alitumia pete maalumu ya kurudisha duara la vali katika kipimo chake. Kisha, katika mhadhara uliochapishwa mwaka 1983, aliweka wazi kanuni yake: daktari asishughulike kurudisha umbo la vali kama lilivyokuwa, bali arudishe kazi yake.

Akazigawa vali zinazovuja katika makundi matatu kwa kuangalia mwendo wa majani. Katika kundi la kwanza majani hutembea kama kawaida, ila duara limetanuka au jani limetoboka. Katika la pili majani hutembea kupita kiasi, kwa sababu nyuzi zimerefuka au kukatika. Katika la tatu majani yamezuiwa yasitembee vya kutosha. Kila kundi lina dawa yake. Duara lililotanuka hutiwa pete. Jani lililolegea hukatwa sehemu na kushonwa, au hushikizwa kwa nyuzi mpya za bandia. Jani lililokakamaa hulainishwa, hutenganishwa na mwenzake, au hurefushwa kwa kiraka cha utando unaouzunguka moyo wa mgonjwa mwenyewe. Mwaka 2007 Starr na Carpentier walipewa pamoja tuzo ya Lasker, mmoja kwa vali ya kimakanika, mwingine kwa vali ya kibiolojia.

3. Ulinganisho kwa kufuata sababu ya kuvuja

3.1. Vali iliyochakaa

Hapa ukarabati umepata ushindi ulio dhahiri. Mwaka 1995 madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, walichapisha habari za wagonjwa 409 waliopasuliwa kwa sababu ya vali ya mitrali inayovuja: 195 walikarabatiwa vali na 214 walibadilishiwa. Vifo vinavyohusiana na upasuaji vilikuwa asilimia 2.6 katika kundi la kwanza na asilimia 10.3 katika la pili. Baada ya miaka kumi, waliokuwa hai walikuwa asilimia 68 na asilimia 52. Ni kweli kwamba wagonjwa hawakugawanywa kwa kura, na waliobadilishiwa huenda walikuwa na hali mbaya zaidi. Lakini hata watafiti walipozingatia tofauti hizo, faida ya ukarabati ilibaki.

Sababu yake inaeleweka tukikumbuka muundo tuliouelezea. Nyuzi na misuli midogo husaidia ukuta wa moyo kujikaza. Ukizikata nyuzi ili kuweka vali mpya, unaupunguzia moyo nguvu. Isitoshe, tishu ya mgonjwa mwenyewe haigandishi damu kama kitu kigeni, na hushikwa na uambukizo mara chache zaidi.

3.2. Vali ya moyo uliokosa damu

Kama tungeishia hapo, tungesema kwamba kukarabati ni bora daima. Majaribio yaliyofanyika Marekani na Kanada yanatukataza kusema hivyo. Wagonjwa 251 ambao vali zao zilivuja sana kwa sababu ya misuli ya moyo kukosa damu waligawanywa kwa kura: nusu yao wakarabatiwe, nusu wabadilishiwe. Matokeo ya miaka miwili yalichapishwa mwaka 2016. Waliofariki walikuwa asilimia 19.0 kwa waliokarabatiwa na asilimia 23.2 kwa waliobadilishiwa, tofauti ambayo ingeweza kuwa ya bahati tu. Lakini kuvuja kwa kiasi cha wastani au kikubwa kulirudi kwa asilimia 58.8 ya waliokarabatiwa, na kwa asilimia 3.8 tu ya waliobadilishiwa.

Maelezo yake ni kwamba katika ugonjwa huu kasoro haimo ndani ya vali. Pete huubana mlango, lakini ukuta unaoushikilia huendelea kusogea, na mwanya hufunguka upya. Ni sawa na kurandaranda mbao za mlango ilhali nyumba yenyewe inainama. Vali mpya, yenye fremu yake, haijali sana mwendo wa ukuta.

3.3. Vali ya baridi yabisi

Hapa ndipo uamuzi ulipo mgumu zaidi. Majani yamenenepa na kukakamaa, na ugonjwa waweza kuendelea kuyala hata baada ya upasuaji. Kwa hiyo vali hizi hukarabatika kwa shida kuliko zile zilizochakaa, na mara nyingi zaidi humrudisha mgonjwa chumba cha upasuaji baada ya miaka kadhaa. Anayeitazama vali peke yake angeshauri ibadilishwe.

Lakini mwenye vali hiyo ni nani? Uchunguzi mkubwa uitwao REMEDY uliwafuatilia wagonjwa 3343 wa ugonjwa huu katika nchi 12 za Afrika, miongoni mwao jirani zetu Uganda, Rwanda na Zambia, pamoja na Uhindi na Yemeni. Nusu yao walikuwa na umri usiozidi miaka 28, na karibu theluthi mbili walikuwa wanawake. Kwa umri huo vali ya kibiolojia itachakaa mapema, na vali ya kimakanika itadai warfarini kwa miongo mingi. Swali, basi, linahama kutoka chumba cha upasuaji kwenda nyumbani kwa mgonjwa.

4. Maisha pamoja na vali mpya

Warfarini ni dawa isiyosamehe. Ikipungua, damu huganda juu ya vali. Ikizidi, mgonjwa huvuja damu, hata ubongoni. Kipimo kiitwacho INR huonyesha damu inachukua muda gani kuganda. Kwa mtu mzima mwenye afya huwa karibu na 1. Kwa mwenye vali ya kimakanika ya mitrali hutakiwa kiwe baina ya 2.5 na 3.5. Kipimo hicho hufanywa mara kwa mara, na kiasi cha dawa hubadilishwa kulingana na jibu. Dawa nyingine nyingi humvuruga mgonjwa huyu, na chakula pia: mboga za majani, kama sombe, lengalenga na matembele, zina vitamini K inayopunguza nguvu ya warfarini. Si lazima aziache. Inampasa azile kwa kiasi kisichobadilika-badilika.

Kwa mwanamke kuna jambo zito zaidi. Warfarini hupita katika kondo la nyuma na yaweza kumlemaza mtoto, hasa baina ya wiki ya sita na ya kumi na mbili ya mimba. Akiiacha bila kupewa sindano za heparini zilizopimwa kwa uangalifu, vali yake yaweza kuziba na kumwua. Anayemshauri msichana wa miaka 20 kuhusu vali, anamshauri pia kuhusu watoto atakaowazaa.

Je, uangalizi huu wapatikana? Katika uchunguzi wa REMEDY, wagonjwa waliohitaji dawa ya kuzuia damu isigande walipewa kwa asilimia 69.5, na walioonekana kuwa na INR inayotakiwa walikuwa asilimia 28.3 tu. Dawa mpya zisizohitaji kipimo cha INR hazijaleta ukombozi: majaribio ya dabigatrani kwa wenye vali za kimakanika yalisimamishwa mwaka 2012, kwa kuwa kiharusi na uvujaji wa damu vilizidi. Mgonjwa wa Kalemie au Kasenga aliyepasuliwa katika mji mkubwa, au katika nchi ya mbali, hurudi mahali ambapo maabara ya INR yaweza kuwa safari ya siku nzima. Vali yake ni ya kisasa kabisa, ila maisha yanayoizunguka hayana uwezo wa kuilinda.

Kwa sababu hiyo madaktari wengi wanaowahudumia vijana wa nchi zenye baridi yabisi hujitahidi kukarabati kila inapowezekana. Carpentier mwenyewe, aliyesaidia kuanzisha Taasisi ya Moyo ya Ho Chi Minh City nchini Vietnamu mwaka 1992, aliipeleka huko mbinu yake kwa wagonjwa wa aina hiyo hiyo. Ukarabati usio kamili, unaompa kijana miaka kumi au kumi na mitano bila warfarini, akasoma, akafanya kazi na akazaa, waweza kuwa bora kuliko vali kamili isiyoweza kuangaliwa. Walakini isiwe kisingizio cha kulazimisha. Vali iliyoharibika mno ikikarabatiwa kwa nguvu huvuja upya upesi, na upasuaji wa pili una hatari zaidi kuliko wa kwanza. Hapo kubadilisha ndiko huruma, mradi mpango wa dawa na vipimo uwe umeandaliwa kabla ya mgonjwa kulazwa mezani.

5. Hitimisho

Tumeona kwamba vali iliyochakaa hufaa kukarabatiwa, kwamba ile ya moyo uliokosa damu mara nyingi hudumu zaidi ikibadilishwa, na kwamba kwa vali ya baridi yabisi ekografia peke yake haitoi jibu. Kutokana na hayo, mgonjwa au jamaa yake ana haki ya kumwuliza daktari maswali manne, kwa lugha anayoielewa. Vali yangu inavuja kwa sababu gani? Itabaki mahali pake au itaondolewa? Ikiondolewa, itakayowekwa ni ya aina gani, nayo itanidai nini kila mwezi? Na ni nani, karibu na kwetu, atakayepima damu yangu? Asiyejibiwa maswali hayo hajakubali upasuaji, hata kama ameweka sahihi.

Liko pia neno kuhusu watoto ambao bado hawajafikia hatua hiyo. Katika utafiti uliofanyika kaskazini mwa Uganda, na kuchapishwa mwaka 2021, watoto 818 wenye dalili za awali za ugonjwa huu, zilizoonekana kwa ekografia tu, waligawanywa kwa kura. Miongoni mwa waliopigwa sindano ya penisilini ya benzathini kila baada ya wiki nne kwa miaka miwili, ugonjwa uliendelea kwa asilimia 0.8, miongoni mwa wasiopigwa, uliendelea kwa asilimia 8.2. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika ugonjwa huu, ufa huanzia kooni mwa mtoto wa shule, na dawa ya kuuziba hupatikana hata pasipo chumba cha upasuaji wa moyo.